Ahadi ni deni, ila daraja la heshima ndani ya ndege si mali ya abiria

KIPKELION haina uwanja wa ndege. Mtu wa huku anayekwenda ng'ambo huanza safari yake kwa matatu: ama huteremka hadi Kisumu kupanda ndege ya Nairobi, ama hupitia Londiani na Nakuru kwa barabara hadi uwanja wa Jomo Kenyatta. Hata hivyo, maamuzi yanayopitishwa na wakuu wa mashirika ya ndege mjini Paris, London na Atlanta huwafikia hata watu wa Chepseon, Kedowa na Fort Ternan, na wengi wao hawayatambui mpaka siku ya kupima mizigo.

Sababu ni kwamba eneo hili la majani chai na kahawa lina wana wengi waendao mbali. Wapo wauguzi na wanafunzi walioko Marekani, wapo wanaotafuta riziki katika nchi za Ghuba, na wapo wanariadha ambao kila msimu hutoka uwanja mmoja wa ndege na kuingia mwingine. Kericho ndiyo iliyomlea Wilson Kiprugut, Mkenya wa kwanza kutwaa nishani ya Olimpiki, pale alipopata shaba ya mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Tangu enzi hizo, ndege si kitu kigeni kwa jamaa za huku.

Kwa msafiri wa aina hiyo, kadi ya mteja wa heshima ya shirika la ndege ina manufaa ya kuonekana kwa macho. Humpa ruhusa ya kubeba begi la ziada bila malipo, foleni fupi wakati wa kukabidhi mizigo, ukumbi wa kupumzikia anaposubiri ndege ya kuunganisha na, akibahatika, kiti kipana cha daraja la biashara ilhali alilipia daraja la kawaida.

Lakini katika muda wa takriban miaka kumi iliyopita, mashirika makubwa yamekuwa yakibadili kanuni za kuipata kadi hiyo na za kuitumia. Waliozoea kupandishwa daraja hawapandishwi tena. Waliokuwa wakifikisha hesabu kwa safari tano sasa hawafikishi hata kwa kumi. Malalamiko yamekuwa mengi, na baadhi ya mashirika yamelazimika kurudi nyuma hatua moja au mbili.

Makala haya yanaeleza jinsi mipango hii ilivyoanza, kwa nini inabadilishwa mara kwa mara, na jambo ambalo msafiri anapaswa kulijua kabla ya kutoa shilingi yake kwa ajili ya kutafuta heshima.

Mwanzo wake

Mipango ya kuwatuza wasafiri wa mara kwa mara ilishika kasi nchini Marekani. Mwaka 1978, serikali ya nchi hiyo iliondoa udhibiti wa nauli na njia za ndege, na mashirika yakaachwa yashindane yenyewe. Ilikuwa rahisi kwa abiria kuhama kutoka shirika moja hadi jingine kwa tofauti ya dola chache. Mashirika yakahitaji kamba ya kumfunga mteja.

Mnamo Mei 1981, shirika la American lilizindua mpango wake uitwao AAdvantage. Siku chache baadaye United ikafuata na wake. Wazo lilikuwa jepesi: kila maili ambayo abiria alisafiri iliandikwa katika akaunti yake, na maili zikitosha alipewa tiketi ya bure.

Baadaye yakaongezwa madaraja. Msafiri wa kawaida aliandikwa tu. Aliyesafiri zaidi akapewa daraja la fedha, aliyemzidi akapewa dhahabu, na juu yao wakawekwa watu wa platinamu na almasi. Hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo abiria wengi walilipenda kuliko tiketi ya bure, yaani kupandishwa kutoka kiti cha nyuma hadi cha mbele bila kuongeza malipo.

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni maili au pointi, ambazo mtu huzikusanya na kuzitumia kama sarafu. La pili ni hadhi, yaani lile daraja la fedha au dhahabu, ambalo hutolewa kwa muda wa mwaka mmoja hivi kisha hupimwa upya. Maili hutumika zikaisha. Hadhi haitumiki ikaisha, bali hupotea yenyewe msafiri asipofikisha hesabu ya mwaka unaofuata.

Daraja la kununua na daraja la kupewa

Watu wa Kipkelion wanayajua madaraja ya usafiri tangu zamani. Reli kutoka Mombasa ilipofika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilipitia hapa, na stesheni ya hapa ikaitwa Lumbwa kabla ya kupewa jina la Kipkelion. Garimoshi lilikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu, na chini ya desturi za ukoloni Waafrika wengi walisafiri la tatu.

Dhuluma ya mpango ule inajulikana, lakini kuhusu malipo ulikuwa wazi: kila daraja lilikuwa na bei yake. Hakuna aliyepandishwa kwa sababu amepanda gari hilo mara hamsini.

Mashirika ya ndege yalileta utaratibu mwingine. Pamoja na daraja la kununua, kukawa na daraja la kupewa kwa uaminifu. Abiria mmoja analipa nauli kubwa na kukaa mbele. Mwingine analipa nauli ndogo lakini kwa kuwa amesafiri sana, anaitwa jina langoni na kupewa kiti jirani na yule wa kwanza. Huyu wa pili anaamini amekipata kiti kile kwa haki. Shirika, kwa upande wake, linaona limempa zawadi.

Tofauti hiyo ya mtazamo ndiyo chanzo cha ugomvi wote uliofuata.

Kutoka umbali hadi fedha

Kwa zaidi ya miaka 30, kipimo kikuu cha uaminifu kilikuwa umbali. Mtu aliyesafiri mbali na mara nyingi alihesabiwa kuwa mteja bora, hata kama alinunua tiketi za bei nafuu. Mfumo huo uliwafaa sana Waafrika Mashariki wanaoishi ng'ambo, kwani safari ya Marekani hadi Nairobi ni ndefu, na safari moja ya kwenda nyumbani na kurudi ilijaza sehemu kubwa ya hesabu.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 2015. Mashirika ya Delta na United yaliacha kutoa maili za zawadi kwa umbali, yakaanza kuzitoa kwa kiasi cha dola kilicholipwa. American ikafuata mwaka 2016.

Kwa Wakenya, badiliko lililogusa wengi lilikuja Aprili 2018. Wakati huo Kenya Airways ilikuwa ikitumia mpango wa Flying Blue pamoja na Air France na KLM. Mpango huo uliamua kwamba maili zitolewe kwa kila euro ya nauli: maili nne kwa mteja wa kawaida, sita kwa wa fedha, saba kwa wa dhahabu na nane kwa wa platinamu.

Tuchukue mfano wa abiria wawili wa kawaida waliokaa viti jirani. Mmoja alilipa nauli ya euro 500 kwa kuwa alinunua tiketi mapema. Mwenzake alilipa euro 1,000 kwa kuwa alipata habari za msiba na kununua siku mbili kabla ya safari. Wa kwanza alipata maili 2,000 na wa pili 4,000, ingawa wameruka anga ile ile katika ndege ile ile.

Kuhusu hadhi, Flying Blue ilileta alama mpya zilizotegemea urefu wa safari na daraja la kiti. Daraja la fedha lilihitaji alama 100, la dhahabu 180 zaidi na la platinamu 300 zaidi. Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Amsterdam katika daraja la kawaida ilipewa alama 10 kwenda na 10 kurudi. Hivyo msafiri alihitaji kwenda na kurudi mara tano ili apate kadi ya fedha. Aliyekaa daraja la biashara alipata alama 60 kwa kwenda na kurudi, na safari mbili tu zilimvusha.

Kenya Airways baadaye iliachana na utaratibu huo wa pamoja na kuanzisha mpango wake yenyewe, uitwao Asante Rewards. Shirika hilo, lililojiunga kikamilifu na muungano wa SkyTeam mwaka 2010, bado linashirikiana na wenzake katika kuwatambua wateja wa heshima. Lakini msafiri aliyekuwa na akaunti moja kwa miaka mingi alijikuta akihitaji kujifunza kanuni nyingine na kuanza hesabu nyingine.

Mabadiliko ya hivi karibuni yamekwenda mbali zaidi. Mwezi Septemba 2023, Delta ilitangaza kwamba kuanzia mwaka uliofuata, hadhi itapimwa kwa matumizi ya fedha pekee. Daraja la chini kabisa lingehitaji dola 6,000 kwa mwaka, na la juu kabisa dola 35,000. Papo hapo ilitangaza kupunguza nafasi za kuingia katika kumbi zake za mapumziko.

Wateja waliwaka hasira kiasi kwamba mkuu wa shirika hilo, Ed Bastian, alikiri kabla ya mwezi huo kwisha kwamba huenda walipita kiasi. Mwezi Oktoba viwango vikashushwa hadi dola 5,000 kwa daraja la chini na 28,000 kwa daraja la juu. Kanuni yenyewe ya kupima kwa fedha haikuguswa.

British Airways, ambayo huruka kati ya London na Nairobi, ilichukua njia hiyo hiyo. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, ilibadili jina la klabu yake na kuanza kutoa alama moja kwa kila pauni inayotumiwa. Daraja la shaba likawekwa alama 3,500, la fedha 7,500 na la dhahabu 20,000. Awali dhahabu ilihitaji alama 1,500 tu, zilizohesabiwa kwa urefu wa safari na aina ya kiti, na mtu aliyesafiri daraja la biashara kati ya miji hiyo miwili alipata alama 280 kwa kwenda na kurudi. Safari sita zilimtosha.

Hapo pia wateja walilalamika, na shirika likalegeza kamba kidogo kwa kurejesha njia ya kufikia madaraja ya shaba na fedha kwa idadi ya safari. Daraja la dhahabu likabaki kwa wenye matumizi makubwa.

Kwa nini viti vya mbele havipatikani

Hata msafiri aliyefanikiwa kuitunza kadi yake amegundua kwamba kupandishwa daraja kumekuwa adimu. Lipo jambo la hesabu hapa.

Kiti cha daraja la biashara kikiondoka kitupu, thamani yake hupotea milele, sawa na majani chai mabichi yaliyokosa lori la kwenda kiwandani siku hiyo. Zamani mashirika yalishindwa kuuza sehemu kubwa ya viti hivyo katika safari za ndani ya Marekani, kwa kuwa bei ilikuwa juu mno na wanunuzi wachache. Kumpa mteja mwaminifu kiti kitupu kulikuwa na gharama ndogo sana, na kulileta shukrani kubwa.

Kisha mashirika yakajifunza kuuza. Badala ya kungoja mtu mmoja wa kulipa bei kubwa, yakaanza kuwaandikia abiria wote kupitia simu na intaneti: ongeza kiasi hiki uhamie mbele. Bei hiyo hupanda na kushuka kadiri siku ya safari inavyokaribia. Mengine yakaweka mnada, abiria ataje kiasi anachoweza kutoa na mwenye dau kubwa apewe. Viti vilivyokuwa vikigawiwa sasa huuzwa, na vinavyobaki ni vichache.

Wakati huo huo, idadi ya wenye kadi iliongezeka. Wakati wa janga la Covid-19, mashirika mengi yaliwaongezea wateja muda wa hadhi zao ingawa hawakusafiri. Safari ziliporejea, wenye madaraja walikuwa wengi kupita viti na kumbi zilizokuwepo. Kwa mtu aliye katika orodha ya kusubiri, kadi ya fedha ilimweka nyuma ya wenye dhahabu, wenye platinamu na wenye almasi, na wote hao wakigombea viti viwili au vitatu.

Kwa hivyo msafiri anayelalamika kwamba heshima imepungua thamani hakosei. Heshima inayogawiwa kwa wengi hupungua, na ile inayoweza kuuzwa haigawiwi tena.

Maili ni biashara

Msafiri wa kawaida hudhani kwamba mpango wa maili ni kitengo kidogo cha kuwafurahisha wateja. Kumbe ni biashara inayojitegemea. Mashirika huuza maili kwa mabenki, nayo mabenki huwapa wateja wao wanaotumia kadi za mkopo. Benki hulipa leo, na shirika hutoa kiti baadaye.

Ukubwa wa biashara hiyo ulijitokeza wakati wa Covid-19, ndege zilipokuwa zimeegeshwa. Mwaka 2020, United iliweka rehani mpango wake wa maili na kukopa dola bilioni 6.8. Delta ilipata dola bilioni 9 kwa njia hiyo hiyo, na mwaka 2021 American ikapata bilioni 10. Wakopeshaji waliona kwamba orodha ya wateja waaminifu na mikataba ya mabenki ni dhamana iliyo imara, hata wakati ndege zenyewe haziruki.

Kwa jicho hilo, mteja bora ni yule anayeleta fedha nyingi, iwe kwa tiketi ghali au kwa kadi ya benki. Muuguzi anayejinyima mwaka mzima ili aje kuwaona wazazi wake Kipkelion, akitafuta nauli ya chini kabisa, anaweza kuwa mwaminifu kwa shirika moja kwa miaka 20 na bado asiwe na uzito katika hesabu mpya. Mfanyakazi wa kampuni kubwa anayelipiwa tiketi ya dakika ya mwisho humpita kwa safari mbili.

Mashirika yana hoja yake, na ni haki kuitaja. Hudai kwamba si vyema mtu aliyelipa kidogo amtangulie aliyelipa sana, na kwamba heshima wakipewa watu wote hakuna anayeionja. Hoja hiyo ina mantiki ya kibiashara. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi mashirika hayo hayo yaliwahimiza watu wayapende kwa ahadi ya kwamba uaminifu utalipwa, kisha yakabadili maana ya neno uaminifu wakati watu wamekwisha kujenga mazoea.

Sheria yasemaje

Waswahili husema ahadi ni deni. Katika vitabu vya hesabu za mashirika ya ndege, msemo huo ni kweli kwa upande mmoja. Kanuni za kimataifa za uhasibu hulitaka shirika litenge sehemu ya mapato ya tiketi kama deni mpaka mteja atakapotumia maili zake au muda wake utakapokwisha. Maili zilizomo katika akaunti ya msafiri ni mzigo unaoonekana katika mizania.

Hata hivyo, shirika ndilo linaloamua maili moja ina thamani gani. Tiketi iliyokuwa ikihitaji maili 50,000 ikihitaji 80,000 kesho, deni limepungua bila mteja kulipwa chochote. Kuhusu kupandishwa daraja na manufaa mengine ya hadhi, masharti ya mipango mingi husema waziwazi kwamba shirika lina uhuru wa kuyabadili au kuyaondoa.

Suala hilo lilifika katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Shirika la Northwest lilikuwa limemwondoa mteja wake wa daraja la juu mwaka 2008 kwa kudai kwamba anautumia mpango vibaya, akiwasilisha malalamiko mengi mno. Mteja huyo, rabi kutoka Minnesota, alishtaki akisema kwamba shirika halikutenda kwa nia njema. Mwaka 2014, katika kesi ya Northwest dhidi ya Ginsberg, majaji wote kwa kauli moja waliamua kwamba dai lake halingeweza kusikizwa, kwa sababu ile sheria ya 1978 ya kuondoa udhibiti wa usafiri wa ndege ilizuia madai ya namna hiyo.

Hapa Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 imeongeza kinga dhidi ya udanganyifu. Haki ya kuelezwa ni kubwa, lakini ni tofauti na haki ya kulizuia shirika lisibadili zawadi zake. Anayeambiwa mapema na kwa lugha nyepesi amepewa sehemu ya haki yake, hata kama hakupendezwa na alichoambiwa.

Bonasi ya chai na pointi za simu

Wakulima wa Kericho na Bomet wanaweza kulielewa jambo hili upesi kwa kulinganisha na bonasi ya majani chai. Mkulima anayepeleka majani katika kiwanda kinachosimamiwa na KTDA hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo kila mwezi, kisha hungoja malipo ya pili baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Bonasi ikiwa ndogo, hasa ikilinganishwa na ile ya viwanda vya mashariki mwa Bonde la Ufa, malalamiko husikika kutoka Litein hadi Mogogosiek.

Lakini bonasi ni salio la fedha za mkulima mwenyewe, yaani mauzo ya majani yake baada ya kutoa gharama. Tena viwanda hivyo ni kampuni ambazo wakulima wana hisa ndani yake, na huwachagua wakurugenzi. Akiona amepunjwa, ana mahali pa kuuliza na kura ya kupiga. Mwenye kadi ya dhahabu ya ndege hana hisa, hana kura, wala hana salio. Ana neno la shirika tu.

Mfano ulio karibu zaidi ni pointi za Bonga za Safaricom, zilizoanzishwa mwaka 2007. Wengi walizikusanya kwa miaka bila kuzigusa. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba pointi zilizozidi miaka mitatu zingefutwa kuanzia Januari 2023. Wateja walipiga kelele, na kabla ya siku hiyo kufika mpango ukasitishwa.

Visa vya Safaricom, Delta na British Airways vinafundisha jambo moja. Mteja hana nguvu kubwa ya kisheria juu ya pointi na madaraja, lakini ana sauti. Kampuni inayotegemea wateja waamini neno lake huogopa siku watakapoacha kuliamini. Sauti hiyo hupunguza makali ya mabadiliko. Ni nadra kuyazuia kabisa.

Msafiri afanye nini

Kwanza, ajue anachokihitaji. Familia nyingi za huku hazihitaji kiti kipana. Zinahitaji begi la pili lenye nguo za watoto, viatu na dawa za mzee. Mara nyingi ni nafuu kulinganisha bei ya begi hilo kwa mashirika mawili au matatu na kulilipia wakati wa kununua tiketi, kuliko kununua tiketi ghali ili kulinda kadi inayotoa begi la bure.

Pili, asiweke maili kama akiba ya uzeeni. Shilingi katika chama cha akiba na mikopo huzaa faida; maili hushuka thamani au kufutwa. Zikitosha kwa safari moja ya mzazi kutoka Kisumu hadi Nairobi, au kupunguza nauli ya mwana anayerudi likizo, zitumiwe.

Tatu, akusanye mahali pamoja. Kenya Airways, Delta, Air France na KLM zote zimo katika SkyTeam, na kwa kawaida safari ya shirika moja inaweza kuandikwa katika akaunti ya jingine. Anayefungua akaunti nne huishia na maili chache katika kila moja na hadhi isiyopatikana popote. Aangalie pia aina ya tiketi, kwa sababu zile za bei ya chini kabisa mara nyingine hutoa maili kidogo mno au hazitoi kabisa.

Nne, atunze ushahidi. Jina katika akaunti lilingane na la pasipoti, na kipande cha tiketi ya kupandia ndege kihifadhiwe mpaka maili zionekane. Madai mengi ya maili zilizopotea hukwama kwa sababu msafiri hana cha kuonyesha.

Tano, asifanye safari kwa ajili ya hadhi. Kila mwaka unapokaribia kufungwa, wapo wanaonunua tiketi wasiyoihitaji ili wafikishe alama zilizobaki. Wakati kanuni zilikuwa thabiti, pengine hesabu hiyo iliweza kutetewa. Siku hizi mtu anaweza kulipia hadhi ya mwaka ujao, kisha akakuta manufaa aliyoyafuata yameondolewa kabla hajayatumia hata mara moja.

Mashirika nayo yana wajibu. Mabadiliko makubwa yatangazwe angalau mwaka mzima kabla ya kuanza, ili aliyekwisha kununua tiketi kwa kanuni za zamani azimalize kwa kanuni hizo. Na matangazo yasiyaite mapunguzo maboresho. Wasafiri wanaosoma mizani ya kahawa na ya majani chai tangu utotoni hawakosi kutambua kilo iliyopungua.

Kwa sasa, kipimo kimoja kinamtosha yeyote anayenunua tiketi, awe Kipkelion au Minneapolis. Ajiulize kama angeichagua safari hiyo, kwa bei hiyo na kwa saa hizo, iwapo kadi ya heshima isingekuwepo. Akijibu ndiyo, ainunue, na kiti cha mbele kikija akipokee kwa shukrani. Akijibu la, atafute nauli nyingine.